Vitanda Vyao, Mikono Yetu

Dallas, Texas



Wasomaji kadhaa mmeniuliza kama inafaa kumleta mzazi ambaye saratani imeshasambaa mwilini, aje atibiwe huku Marekani. Nitajibu, ila niruhusuni nianze na kazi zetu.

Ukiingia usiku kwenye nyumba za kulelea wazee za mji huu, utasikia Kiswahili korido nzima. Wakenya, Watanzania na Wakongo ndio wanaowageuza wagonjwa wasipate vidonda vya mgongo, wanaowaogesha, wanaowalowesha midomo saa za mwisho. Baadhi ya wagonjwa hao ni Wazungu walio kwenye hospisi, yaani tiba shufaa ya anayekaribia kufa. Medicare, bima ya serikali ya wazee, huilipia kwa sheria ya 1982. Madaktari wawili wakithibitisha kwamba mgonjwa huenda asimalize miezi sita, naye akikubali kuacha matibabu ya kuuponya ugonjwa huo, huletewa nyumbani muuguzi, kitanda, dawa za maumivu, hata kiongozi wa dini akimtaka. Ni huduma nzuri, nisiwadanganye.

Lakini nani anaipata? Kati ya wazee Wazungu wa Medicare wanaofariki, takriban nusu huwa wamepitia hospisi. Kwa Weusi ni zaidi kidogo ya theluthi. Utaambiwa Weusi wenyewe hawaitaki, na woga kweli upo. Kule Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa makusudi bila tiba ili wachunguzwe, na wajukuu hawajasahau. Daktari akisema tuache matibabu, wao wanasikia tumekuchoka. Sawa, ila woga wa mgonjwa hauondoi dawa kwenye rafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 huko New York ulikuta asilimia 72 ya maduka ya dawa ya mitaa ya Wazungu yana akiba ya kutosha ya dawa za jamii ya morfini. Mitaa ya wasio Wazungu, asilimia 25.

Wazazi wetu wana ukuta mwingine zaidi. Mama akipata leo kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kawaida atangoja miaka mitano ndipo aweze hata kuinunua Medicare. Kisha lugha. Sheria inaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu itafute mkalimani, lakini nimemshuhudia mtoto wa sekondari akimweleza bibi yake kwamba ini limekwisha, eti simu ya mkalimani haishiki. Wala daktari hakungoja mtu mzima wa familia afike.

Kwa hiyo jibu langu: kabla ya kuuza kiwanja mnunue tiketi, ulizeni hapo hapo mlipo kuhusu tiba shufaa na morfini ya kunywa. Mlio Dar es Salaam, anzieni hospitali ya saratani ya Ocean Road. Uganda, muuguzi aliyesomea fani hiyo ameruhusiwa kuandika morfini tangu 2004, na jambo hilo linawasaidia sana walio mbali na daktari. Sisemi dawa inamfikia kila mtu huko. Nasema mama ataumwa akiwa na majirani wanaomwelewa.

Na sisi tulio huku tuna letu. Mtu akifa, kundi la WhatsApp linachanga maelfu ya dola kwa siku mbili, mwili unapanda ndege. Akiwa hai anagugumia kwa maumivu, tunapeleka maombi na chungu cha pilau. Wauguzi tunao tele katika chama chetu cha wahamiaji, wanaojua fomu gani ijazwe na nani apigiwe simu, lakini hakuna anayewauliza, maana kuitaja hospisi ni kama kumtabiria mtu kifo. Nimeomba jambo hili liwe ajenda ya mkutano ujao. Katibu ameliweka kwenye mengineyo, na mengineyo yetu mnayajua: hufika saa tano usiku, watu wameshashika funguo za magari.