Amplifaya ya Mjomba na Gundi Iliyotuchanganya

Je, umewahi kuambiwa kwamba umekuwa ukilala njaa juu ya gunia la pesa? Hayo ndiyo yaliyotupata kwetu Nyamira.

Marehemu mjomba alipiga gitaa katika baa za Keroka na Kisii miaka ya 1970. Alipoaga dunia, aliacha shamba dogo la majanichai, madeni, na amplifaya kuukuu ya Fender ambayo kuku walikuwa wameanza kutagia. Siku moja, kijana mmoja mpiga gitaa alichungulia ndani akaona vifaa vimefunikwa gundi ngumu. "Hii imepita mikononi mwa Dumble!" akapiga kelele.

Dumble ni nani? Howard Alexander Dumble alikuwa fundi wa California, Marekani, aliyefariki 2022. Aliunda amplifaya chache kwa mikono yake na pia kurekebisha za Fender. Carlos Santana ni mmoja wa waliozitumia. Dumble alizoea kufunika vifaa vya ndani kwa gundi, wengine wasione alivyoviunganisha. Amplifaya yake moja huweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Habari zikaenea. Mnunuzi akaja kutoka Nairobi. "Niandikieni tu barua kuwa ni kazi ya Dumble," akasema. Wakati huo mtoto wa mjomba alikuwa amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Ungekuwa mimi, ungemwambia nini mkaza mjomba?

Niliibeba hadi kwa fundi mmoja mzee wa redio. Nakuonya, msomaji: usiguse ndani ya mtambo wa valvu hata ukiwa umechomolewa kwenye stima. Kapasita zake huhifadhi umeme unaoweza kuua.

Mzee alipoiona, alicheka kabla hata ya kushika bisibisi. "Kijana, ukifungua utakuta transfoma imeshikwa kwa skrubu tatu, na ya nne haipo. Ilinipotea."

Tukafungua. Skrubu zilikuwa tatu!

Nyuma ya kidhibiti cha sauti palikuwa na nambari 1376617. Tarakimu 137 ni za kampuni ya CTS, 66 ni mwaka wa 1966, na 17 ni wiki. Basi, kama kidhibiti hicho hakikuwahi kubadilishwa, amplifaya haikuundwa kabla ya hapo. Lakini tarehe haitaji jina la aliyeirekebisha. Transfoma ndiyo iliyosema zaidi: stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240, na mzee ndiye aliyeibadilisha.

"Na gundi, Mzee?"

"Mjomba wako alikuwa akiifunga juu ya matatu. Kila barabara mbovu ililegeza kitu. Nilichoka kulehemu, nikaimwagia gundi."

Jioni nilimweleza mkaza mjomba. Alinyamaza kwa muda mrefu, akipepeta wimbi. Kisha akasema: "Mwanangu, mwambie huyo mtu ukweli. Sitalipa karo kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuonja ugali wangu."

Mnunuzi alinuna, akalipa bei ya amplifaya kuukuu tu. Ilitosha muhula mmoja. Ile mihula mingine tumeichangia sisi jamaa.

Msomaji, ukiwa na kitu cha zamani nyumbani, usikimbilie majina ya ng'ambo. Muulize kwanza fundi wa mtaani kwako angali hai. Na ukijaribiwa kuandika barua kama ile, kumbuka: njia ya mwongo ni fupi.