Barua kwa Mpwa Aliye Durban

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na sehemu niliyoirudia ni ile ya mabishano yenu chuoni. Unasema mmekubaliana na wenzako kwamba mtu wa jamii ya wachache, au wa jamii iliyokandamizwa, hawezi kuwa mbaguzi wa rangi. Anaweza kuwa na chuki, anaweza kuwa na kiburi, lakini ubaguzi wa rangi ni wa mwenye madaraka peke yake. Mmemtegemea Steve Biko, naye si mtu wa kupuuzwa, hasa katika mji huo alikosomea udaktari na alikokuwa akiishi wakati wa kuanzishwa kwa SASO, chama cha wanafunzi weusi. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba ubaguzi ni kundi moja kulitenga jingine ili kulitawala, na asiye na uwezo wa kumtawala mwenzake haitwi mbaguzi hata akimchukia. Nami nakuambia hoja hiyo ina kweli kubwa, ila ninyi mmeipokea kana kwamba madaraka ni kitu mtu anachozaliwa nacho, kama kimo au rangi ya macho. Hapo ndipo tunapoachana.

Tuanze na kweli yake. Biko aliandika chini ya makaburu. Wazungu hawakufikia hata robo ya watu wa nchi ile, lakini bunge lilikuwa lao, jeshi lao, ardhi nzuri yao, na mtu mweusi alitembea na pasi mfukoni katika nchi ya babu zake. Kumwambia kijana anayeunda chama cha wanafunzi weusi kwamba naye ni mbaguzi sawa na serikali hiyo kulikuwa ni kejeli, na alikuwa na haki ya kuikataa. Lakini hebu tazama: waliotawala ndio waliokuwa wachache. Kwa hiyo neno "wachache" tuliweke kando mapema, maana idadi peke yake haituambii nani anamwonea nani. Linalobaki ni madaraka, na swali la kuuliza ni yako wapi, yamefikaje hapo, na yanakaa kwa muda gani.

Mji unamoishi unatosha kulijibu. Wahindi wa kwanza walioletwa kwa mkataba waliteremka Durban kutoka meli ya Truro mwezi Novemba 1860, kuja kukata miwa. Kufikia 1911 walikuwa wameletwa zaidi ya 150,000. Waliomaliza mkataba wakataka kubaki walitozwa kodi ya kichwa ya pauni 3 kwa mwaka, fedha ambayo kibarua hakuwa nayo. Gandhi alifika mwaka 1893, akashushwa kwenye treni Pietermaritzburg kwa kosa la kukaa daraja la kwanza. Kisa hicho anakijua kila mtu. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Gandhi huyohuyo, katika miaka ile, alikuwa akiiandikia serikali kulalamika kwamba Wahindi wanashushwa wawe sawa na Waafrika, ambao aliwataja kwa neno la matusi walilolitumia wazungu. Posta ya Durban ilikuwa na milango miwili, mmoja wa wazungu na mmoja wa wengine wote. Chama chake kiliomba mlango wa tatu, kikapewa. Baadaye alibadilika, na akina Mandela walijifunza kwake, hilo halina ubishi. Hata hivyo, wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana waliposoma maandishi yake ya mwanzo walidai sanamu yake iondolewe chuoni pao, ikaondolewa mwaka 2018.

Sasa uliza: Gandhi wa 1895 alikuwa na madaraka gani? Kwa kipimo chenu, hakuwa nayo. Lakini ule mlango wa tatu ulijengwa kweli. Asiye na madaraka aliyaazima kwa mwenye nayo, akayatumia kujitenga na aliye chini yake. Hilo ndilo mnalolisahau. Utawala wa rangi haukuwa na watu wa aina mbili tu, mwonevu na mwonewa. Ulikuwa ngazi, na aliyesimama katikati aliumizwa na mguu wa juu yake huku wake ukiwa juu ya kidole cha mwenzake.

Mwaka 1949 ngazi hiyo ilivunjika. Tarehe 13 Januari, karibu na kituo cha mabasi cha Victoria Street, Mhindi mmoja wa dukani alimpiga mtoto wa Kiafrika. Kufikia mwisho wa ghasia walikuwa wamekufa watu 142, wakiwemo Waafrika 87 na Wahindi 50, na wengi katika wale Waafrika waliuawa kwa risasi za askari. Kofi moja haliui watu 142. Mwafrika wa Durban alikatazwa kumiliki ardhi mjini na alinyimwa leseni ya biashara. Alipanga kibanda Cato Manor kwenye kiwanja cha Mhindi, akapanda basi la Mhindi, akanunua unga kwa Mhindi, na mahali pote hapo alilalamika kwamba anapunjwa na kutukanwa. Malalamiko hayo hayakuwa ya kubuni. Wakati huohuo Mhindi naye alikuwa amefungiwa na sheria ya 1946 iliyomzuia kununua ardhi nje ya maeneo aliyotengewa, na wengi walikwenda jela kwa kuipinga. Leseni ya duka na hati ya kiwanja, hivyo ndivyo alivyokuwa navyo, na alivipata kwa sababu sheria ya mzungu ilimnyima Mwafrika.

Kisha moto ukawashwa, nao haukuuliza nani ana nyumba za kupangisha na nani kibarua wa kiwandani. Uliuliza sura. Familia maskini za Kihindi zilizoishi kwenye vibanda vya mabati zilichomewa kama alivyochomewa tajiri, tena wao zaidi, kwa sababu walikuwa karibu. Ziko shuhuda za wazungu waliosimama pembeni wakishangilia. Mwenye duka, kama alimpiga mtoto kwa sababu ni mtoto mweusi, alitenda ubaguzi. Kundi lililomchoma kibarua kwa kosa la bwana duka lilitenda ubaguzi. Na serikali iliyopanga nani amiliki na nani apange ilikuwa na hatia nzito kuliko wote. Mimi sioni kwa nini kulisema hili la tatu kunitake niyameze yale mawili. Viongozi wa wakati huo hawakuyameza. Chama cha ANC na vyama vya Wahindi, ambavyo viongozi wao Xuma, Dadoo na Naicker walikuwa wametia saini mapatano mwaka 1947, viliketi pamoja baada ya maafa, na mwaka 1952 watu wao waliingia jela bega kwa bega kwa kuzivunja sheria za makaburu. Umoja ule ulijengwa na watu waliokubali kuangaliana usoni.

Utaniambia: mjomba, hiyo ni chuki, si ubaguzi, kwa sababu ubaguzi ni mfumo. Sigombani nawe kuhusu jina. Ukitaka mfumo uwe na jina lake na tendo liwe na jina jingine, sawa. Ninachogombana nacho ni kinachofuata baada ya jina kukataliwa, maana tendo huanza kuonekana dogo, kisha linaonekana kuwa na haki, kisha mtendaji hajichunguzi tena. Mtunzi wa Sarafina!, Mbongeni Ngema, ambaye hapa kwetu anapendwa na kila aliyeiona ile filamu, alitoa mwaka 2002 wimbo kuhusu Wahindi wa jimbo lenu. Alijitetea kwamba anasema yaliyo mioyoni mwa Wazulu wanyonge ili watu wazungumze. Baadhi ya manung'uniko yake yalikuwa ya haki. Lakini wimbo uliwahukumu Wahindi wote kwa mkupuo, na tume ya malalamiko ya utangazaji ilisema ni uchochezi wa chuki. Mandela mwenyewe alimtaka aombe radhi. Mandela angeweza kusema kwamba Mzulu maskini hana madaraka, basi tumwache. Hakusema hivyo.

Na madaraka, kama nilivyosema, hayakai mahali pamoja. Julai 2021, baada ya Jacob Zuma kufungwa, maduka yaliporwa na polisi hawakuonekana. Wakazi wa Phoenix, kitongoji ambacho makaburu walikitenga kwa ajili ya Wahindi, waliunda sungusungu na kuweka vizuizi barabarani. Hofu yao ilikuwa ya kweli, uporaji ulikuwa wa kweli. Lakini watu 36 waliuawa eneo lile, wengi wao Waafrika, na manusura walieleza kwamba walisimamishwa na kushukiwa kwa rangi yao. Katika nchi nzima Wahindi hawafiki watu watatu kwa kila mia, na bunge si lao. Pale kwenye kizuizi, usiku ule, bunge lilikuwa mbali. Aliyeshika bunduki ndiye aliyekuwa dola. Kumwambia mjane wa aliyeuawa kwamba mumewe hakubaguliwa, kwa kuwa waliomuua ni jamii ya wachache, ni jambo nisilotarajia ulitamke, hata kama mantiki yenu inakupeleka huko. Wala haifai kulibeba tukio hilo kuwahukumu Wahindi wote, hukumu ambayo mwanasiasa Julius Malema alikwisha kuikaribia mwaka 2018, kabla hata ya maafa hayo, aliposema wengi wao ni wabaguzi.

Iko pingamizi moja ninayoiheshimu zaidi. Wapo wazungu, huko na kwingineko, wanaopenda sana kusikia kwamba kila mtu ni mbaguzi, ili deni lao lipotee katikati ya madeni ya wengine. Unaogopa kuwapa silaha. Hofu hiyo ni ya busara, lakini dawa yake imeandikwa katika sheria ya nchi unamoishi. Sheria ya usawa ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inamkataza kila mtu kubagua, haijali ni wa kabila gani. Kisha, mahakama inapopima kama ubaguzi ulikuwa wa dhuluma, inaagizwa itazame hali ya mlalamikaji katika jamii, kama anatoka katika kundi lililonyimwa kwa muda mrefu, na madhara aliyopata ni makubwa kiasi gani. Yaani tendo linahesabiwa kwa yeyote, na uzito wake unapimwa kwa mahali alipo mtendewa na madhara aliyopata. Biko alikuwa sahihi kuhusu uzito. Ninyi mmeuchukua uzito mkafuta hesabu.

Nyumbani kwetu jambo hili lilipimwa mapema. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Walikuwa watu waliokandamizwa kweli. Wazungu na Wahindi walikuwa wachache mno lakini kwa miaka walikuwa wameshika serikali na biashara. Nyerere hakuwaambia kwamba mnyonge hawezi kubagua. Aliwafananisha na Hitler kwa kuitukuza rangi, na akasema serikali yake itajiuzulu wakiikataa sheria ile. Alijua kwamba wiki chache mbele mnyonge huyo angekuwa na polisi, magereza na idara ya uhamiaji. Kampala hawakuwa na bahati hiyo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na yeyote aliyezoea kusema kwamba hasira ya aliyeonewa si ubaguzi angejikuta hana neno la kuliitia jambo lililokuwa likitokea mbele yake. Moyo haungoji madaraka ndipo ujifunze kubagua. Madaraka yakifika huukuta tayari umefundishwa.

Nimeandika haya yote kwa sababu yako zaidi kuliko Gandhi au Amin. Wewe huko ni mgeni, tena mweusi. Mei 2008 waliuawa watu 62 katika mashambulizi dhidi ya wageni, na mwaka 2015 Durban yenyewe iliwaka. Waliotenda walikuwa maskini weusi wa vitongojini, watu ambao hoja yenu ingewatakasa. Najua hamuwatakasi, na mko sahihi. Basi msijitakase ninyi kwa kipimo hichohicho. Mara nyingi nimesikia watu wetu wanaoishi huko wakisema wenyeji ni wavivu, hawapendi shule, wanapenda pombe na vurugu. Makaburu walisema hivyohivyo kuwahusu, kwa maneno yaleyale karibu. Anayeyasema leo ni kibarua asiye na kibali cha kudumu, na mnadhani hayana madhara kwa sababu hana kitu. Lakini baadhi yenu mnafungua saluni, mnapangisha vyumba, mnaajiri wasaidizi, na wengine mtarudi huku kuwa maofisa.

Kwa hiyo katika kikao chenu kijacho, acheni kuulizana kama mgeni anaweza kuwa mbaguzi. Waulizeni wenye saluni na vyumba miongoni mwenu wamewahi kumwajiri nani, wamemkatalia nani, na walitoa sababu gani. Majibu yao niandikie, hata yakinisuta.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama koti ulilonunua linatosha baridi ya Juni. Fanya bidii na mitihani.

Wasalaam,
Mjomba wako, Tanga