Nyumba na mikorosho ya Lionja: uliza kabla ya kulipa

Mgeni anayetafuta chumba cha kupanga Lionja, wilayani Nachingwea, haanzi kwa dalali. Huulizia dukani au kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye huelekezwa kwa mama mwenye chumba cha ziada. Wapangaji wa vijiji vya Nachingwea na jirani zao wa Ruangwa wengi wao ni walimu, wauguzi na wanunuzi wa mazao. Ufuta ukianza kuuzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba, wageni huongezeka na vyumba huwa adimu. Anayejua msimu hupatana kodi mapema, tena kwa maandishi.

Kupanga ni rahisi. Kununua ndiko kunakovunja undugu.

Kwanza ni mikorosho. Huku kusini, mwenye ardhi na mwenye miti wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Mtu hununua ekari zake, halafu siku ya kuokota korosho anatokea mwingine na kikapu, akisema miti aliipanda marehemu baba yake, au iliwekwa rehani kwake kwa misimu miwili. Basi muuzaji aulizwe mambo mawili: ardhi ni ya nani, na miti ni ya nani?

Pili ni ukoo. Kwa desturi ya Wamwera, ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti katika mali. Kijana anayeuza shamba la bibi yake peke yake, kwa haraka na kwa bei ya chini, asiaminiwe mpaka wajomba na mama zake wamesikika.

Tatu ni mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliyejificha jikoni wakati fedha zinahesabiwa hajaridhia. Aitwe, akae, aseme, atie saini.

Nne ni kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Asiye mkazi anayetaka kuuziwa haki ya mwenyeji anahitaji kibali cha halmashauri hiyo. Karatasi iliyoandikwa usiku kwa mashahidi wawili haitoshi. Mwenye shamba naye ni vema aombe hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mkewe liandikwe humo.

Fedha ya msimu huisha kabla ya mvua. Shamba likiuzwa kwa siri kulipa deni la msimu mmoja, watoto ndio watakaopanga chumba katika kijiji walichozaliwa.