Nyumba ya Shindagha na Suala la Nasaba

Afikaye Dubai asiishie madukani. Na afike Shindagha, ukingoni mwa hori, aizuru nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum, iliyojengwa mwaka 1896. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe wa Unguja, na juu yake imesimama minara ya kunasia upepo.

Lakini lililotushughulisha sisi ni nasaba ya wenyewe. Mwaka 1833 watu wa Al Bu Falasah, tawi la Bani Yas, waliihama Abu Dhabi wakaja hapa, wakiongozwa na Obeid bin Said na Maktoum bin Butti. Wahamiaji, basi, kama sisi! Tangu hapo utawala haujatoka ukooni. Saeed alitawala tangu 1912 hadi 1958, akamrithi mwanawe Rashid. Na tangu 2006 yupo Mohammed bin Rashid. Wala asisahauliwe Bibi Hussa bint Al Murr, mamake Rashid, mfanyabiashara hodari.

Kwetu nasaba ina uzito mwingine. Sheria ya uraia ya 1972 ilimtambua Mwarabu aliyekaa katika imarati tangu 1925 au kabla yake. Jamaa zetu wengi walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Tunawajua waliotakiwa kuthibitisha asili ya babu, na ushahidi wote ulikuwa kichwani mwa bibi kizee mmoja.

Sisi yetu tumeanza kuiandika daftarini, na upande wa kikeni tumeupa kurasa zake. Huko tumewakuta Wangazija, Wamanyema, na mwanamke wa Pate ambaye jina la babake halikumbukwi na yeyote.