Alhamisi ya Bajeti

Nilipanda treni ya umeme kwenda Dodoma Juni 2025 kwa shughuli moja tu: kumwona Waziri wa Fedha akisoma bajeti. Miaka yote nilikuwa namwona kwenye televisheni, na hapo nasubiri kusikia bei ya petroli tu.

Tulipotoka kwenye mahandaki ya Kilosa, mzee mmoja, mhasibu mstaafu wa serikali, akaniuliza niendako. Nikamjibu. Basi akaanza kunitajia mawaziri wa fedha kama shabiki anayetaja makocha wa Simba: Ernest Vasey, Mwingereza aliyekuwa ameshika fedha za Kenya kabla ya kuja kwetu, Paul Bomani wa ushirika wa pamba, Amir Jamal, aliyeiacha wizara na kurudishwa, akaiacha na kurudishwa tena.

Kwa Edwin Mtei alikaa sana. Huyu ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu, 1966, na waziri tangu 1977. Mwaka 1979 aliona hakuna njia ila kukubaliana na IMF, pamoja na kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere akakataa katakata. Mtei akajiuzulu.

“Wakati ule, mwanangu, watu hawakuwa wakijiuzulu,” alisema mzee.

Kisha akamtaja Cleopa Msuya, aliyekuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Bajeti yake ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mzee anakumbuka sabuni ya kuogea ikirudi madukani. Na shilingi ile ile ambayo Mtei alitaka ishushwe ilikuja kushushwa vibaya sana 1986, Msuya akiwa bado waziri.

Alhamisi saa kumi jioni, waziri mwenyewe, Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni. “Mheshimiwa Spika” kila aya, hadi masikio yanazoea. Trilioni 56.49, wabunge wakagonga meza. Jirani yangu kwenye jukwaa la wageni, mama anayeuza vinywaji kwa jumla, hakuandika kitu. Ilipofika zamu ya ushuru wa bidhaa, akafungua daftari na kalamu haikupumzika.

Mimi nilichokiona ni mwombaji. TRA inakusanya, Benki Kuu inatunza, CAG anakagua. Waziri anasimama mbele ya Bunge kuomba. Hata kuomba kwenyewe si kwake: kwa Ibara ya 99 ya Katiba, Bunge halishughulikii kodi wala matumizi mpaka Rais apendekeze, na pendekezo lipitie kwa waziri. Wabunge nao hawako huru kama wanavyoonekana wakichangia. Wakiikataa bajeti, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge, na siku ya kura kila mmoja huitwa kwa jina aseme ndiyo au hapana. Sijui ni nani angekataa kwa masharti hayo.

“Naomba kutoa hoja,” akamaliza. Tulipotoka tu getini, yule mama alikuwa ameshampigia kijana wake wa dukani: bei ibaki hiyo hiyo mpaka Julai mosi, na katoni zilizopo stoo asizitoe kwa mkopo.