Kuchagua Kamera Kuukuu

Mwenye fedha kidogo hana budi kuwa na macho makali. Kamera ya filamu iliyokwisha kutumika ni kama punda mnadani: hununuliwa kwa meno yake, si kwa matandiko. Jina kubwa na ngozi ing'aayo ni matandiko. Meno ni pazia na lenzi.

Mnunuzi na afungue mlango wa nyuma kamera ikiwa tupu, aweke kasi ya chini kabisa, afyatue na kusikiliza. Pazia linalosita lina ugonjwa. Kisha aitazame lenzi mbele ya taa. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo. Vumbi la Dodoma hujificha katika pete za lenzi, zikakwaruza zinapozungushwa.

Pentax K1000, iliyoundwa tangu 1976 hata 1997, hutaka betri kwa kipima mwanga tu. Pazia lake huendeshwa na kamani. Kipima mwanga kikifa, Dodoma si msiba. Katika jua kali la kiangazi, tundu la 16 na kasi ya 1/125 ya sekunde huitosha filamu ya 100.

Basi fedha inayookolewa kwa kuacha jina na inunue filamu. Picha 36 ni chache, nazo humfunza mtu kutazama kabla ya kufyatua. Kamera tukufu isiyo na filamu haiwezi kuuhifadhi uso wa bibi aketiye chini ya mbuyu. Na uso huo haungoji.