T'Challa Kanunua Godoro, Mbegha Bado Yuko Ukutani

Mitandaoni anajulikana kwa Wakanda. Ukiingia kwenye ukurasa wake unakutana na T'Challa kapanda bodaboda, helmeti kaishika mkononi kama abiria wengi wa mjini. Ukishuka kidogo, Nakia wa Lupita Nyong'o kajifunga khanga, kabeba ndoo kichwani. Halafu Shuri yuko Kariakoo, kibanda cha kutengeneza simu, foleni ya wateja mpaka barabarani. Watu wanacheka, wanashea, wanauliza bei. Na karibu wote wanaamini mchoraji mwenyewe yuko Dar, kwenye ghorofa lenye kiyoyozi.

Wapi! Dada huyo, jina kapuni, anachorea Vuga, juu milimani Usambara. Ukitoka Dar unashuka Mombo, unapanda kona zile mpaka Soni, kisha unatafuta usafiri wa kukuingiza Vuga. Alirudi nyumbani baada ya mwenye nyumba wake wa Sinza kutaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Akafungasha brashi, rangi na tableti yake yenye ufa, akapanda basi.

Studio yake ni chumba cha uani. Juu bati, katikati meza ya zamani ya babu yake, pembeni dirisha moja linaloangalia migomba. Asubuhi nyingi humo ndani unaona ukungu kabla hujaona picha. Anayejua rangi ya akriliki anajua inakauka kwa kupoteza maji, sasa kwenye baridi na unyevu wa mwezi wa sita maji yaende wapi? Dar alikuwa anapaka, anakunywa chai, anarudi kupaka tena. Vuga anapaka asubuhi, mchana kidole bado kinanata. Jua likitoka anakimbiza kanvasi nje kama mtu anayeanika mahindi, wingu likija anazirudisha ndani. Na LUKU nayo ina tabia ya kuisha mteja akiwa hewani.

Basi mwezi huo wa sita ndo ukaja mzigo mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Kaka mmoja mwenye mgahawa wa baga Dar alitaka picha sita za ukutani, zote Wakanda, bei shilingi laki tisa. Kianzio nusu kikaingia kwenye simu siku hiyo hiyo. Nusu nyingine ni mzigo ukifika, kabla ya mwezi wa saba kuanza.

Hiyo tarehe ilikuwa na maana yake. Mdogo wake alikuwa amechaguliwa Form Five, shule ya mbali, bweni. Ada ya Form Five serikali ilishafuta tangu 2022, lakini godoro halijafutwa. Ndoo, sare, viatu, shuka, nauli, vyote vinasubiri mtu. Na mtu mwenyewe ni dada mchoraji.

Akachora tano bila shida. T'Challa anamjua kwa moyo. Filamu ya kwanza ilitoka Februari 2018, na tangu hapo hajawahi kuacha kuchora ile suti nyeusi yenye mwanga wa zambarau. Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020 alilia kama kafiwa na binamu, kisha akachora picha ambayo ndo ilimletea wafuasi wake wa kwanza elfu moja.

Ya sita ndo ikamkwamisha. Si kwa kukosa wazo, kwa kuzidiwa nalo.

Alikuwa anapaka huku anamsikiliza babu nje akipiga stori na jirani, habari za Wakilindi. Mtoto yeyote wa Vuga kakulia hapo kwenye hizo habari. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalimtoka kwanza. Ndugu wakamnyima urithi wakiamini ni mkosi. Akaondoka na mbwa wake, akawa anawinda nguruwe pori na kuwagawia watu nyama. Usiku mmoja akaua simba. Watu wa milimani wakamkubali, wakamweka Vuga awatawale, na wafalme wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene. Hapo hapo Vuga pakawa makao makuu ya ufalme. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, utawala wake ulishuka mpaka pwani.

Dada akasimamisha brashi. Mtoto aliyekataliwa, porini peke yake, usiku na simba, kisha kiti cha ufalme. Jamani, hii si sinema kamili? Marvel walimtunga Black Panther mwaka 1966. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, kwa Kiswahili, miongo mingi kabla ya hapo. Na yeye, mzaliwa wa Vuga, miaka yote hiyo anauza mfalme wa nchi ya kufikirika wakati mfalme wa kijijini kwake hana hata sura.

Akamchora Mbegha kwenye kanvasi ya sita. Kifua wazi, ngozi ya simba begani, mkufu wa kucha shingoni, macho makali, mwanga wa zambarau nyuma. Akaona kazi imenyooka.

Babu akapita na fimbo yake, akachungulia dirishani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu nani tena?"

"Mbegha, babu."

Mzee akaingia. Akaitazama picha muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma.

"Mbegha huyu? Mbwa wake wako wapi?"

Dada akanyamaza.

"Huyu umemchora keshakuwa mfalme. Mbegha alivyokuja huku hakuwa mfalme, mjukuu wangu. Alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao. Alikuwa na mbwa na mkuki, basi. Sasa kama mbwa hawapo, sisi tutamjuaje?"

Akatoka kwenda shambani kwake. Dada akabaki anaangalia ule mkufu wa kucha, mara akajiona kituko. Mkufu ule ni wa T'Challa. Mwanga ule ni wa T'Challa. Hata mkao ni wa T'Challa. Alichofanya ni kubadilisha jina tu, kama duka linalobandika lebo mpya kwenye shati la mtumba.

Akapaka nyeupe juu ya kila kitu. Siku mbili zikaenda na rangi haikauki, tarehe inakimbia. Akaanza upya: kijana mwembamba, amechoka, kachuchumaa kwenye ukungu kama ule wa dirishani kwake, mbwa wamemzunguka, mmoja kamlalia mguuni. Simba hayumo. Unamhisi tu, kwa jinsi mbwa wote walivyogeuza masikio upande mmoja.

Akampigia picha mteja, akatuma. Ilikuwa bora kuliko zote tano. Jibu likaja kwa sauti: "Dada mchoraji, tulikubaliana Wakanda. Huyu jamaa na mbwa wake nani atapiga naye selfi? Nibadilishie, au hiyo moja nakata hela yake."

Laki na nusu. Godoro, ndoo, sare na nauli, karibu zote zimo humo.

Hapa kuna watakaosema angekaza. Msanii ana msimamo bana! Lakini ukweli usemwe, kosa lilikuwa lake pia. Mteja aliagiza kitu, yeye akabadilisha bila kuuliza. Kazi ya oda ina kanuni zake: unakubaliana, unachukua kianzio, unatuma mchoro wa awali, mteja akisema sawa ndo unagusa rangi. Alizijua zote, akaziruka kwa sababu wazo lilikuwa tamu.

Akakaa usiku mzima. Alfajiri T'Challa wa sita alikuwa tayari, kasimama mlangoni mwa daladala kama konda. Mzigo ukashuka Mombo, ukapanda basi la Dar, mteja akaupokea stendi ya Mbezi. Nusu ya pili ikaingia. Mdogo mtu akaondoka na godoro jipya kichwani, na kabla hajatoka akaomba kupigwa picha. Si na T'Challa. Na yule kijana mwenye mbwa.

Hata Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Oysterbay, alichora kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, akauza kwa wapita njia, wageni wengi wao. Alitafuta riziki kama huyu. Tofauti ni kwamba wanyama na miti aliyoichora haikuwa mali ya kampuni yoyote, na mtindo ule leo unaitwa kwa jina lake. T'Challa ana mwenyewe, Marvel iko chini ya Disney tangu 2009. Siku wakiamua kuwabana wanaouza sura yake, dada wa Vuga hana pa kusimama. Mbegha hadaiwi na mtu.

Aliposti picha ya Mbegha wiki iliyofuata, bila mbwembwe. Likes hazikufika hata nusu ya zile za bodaboda. Ila maoni yalikuwa ya aina nyingine. Chini ya Wakanda watu huandika "bei?" na vicheko. Chini ya Mbegha waliandika mambo ya kwao: mmoja bibi yake wa Bumbuli alikuwa akimsimulia, mwingine naye alizaliwa kigego na mama yake aliwahi kumficha wageni. Mwingine kauliza mbwa wa mguuni anaitwaje.

Picha yenyewe bado ipo chumbani, juu ya ile meza, haijapangiwa bei. Pembeni kuna michoro ya penseli: Kimweri mwenyewe, sokoni Soni siku ya gulio, na Wagosi wa Kaya wamekaa kibarazani na wazee. Oda za Wakanda zinaendelea kuja na anazichukua. Kila T'Challa akilipwa, kanvasi moja inatengwa kwa watu wa nyumbani. Na sasa kabla ya kugusa rangi anamwita babu kwanza, aangalie kama mbwa wapo.

Wewe je, ukutani kwako kakaa nani?